Kuijua nafsi kwa tafakuri: Tunachoweza kukijua na tusichoweza

Imepokewa katika Sahihi Bukhari kutoka kwa Ibn Masoud (RA) kuwa siku moja Mtume (SAW) alikuwa akipita katika shamba huko Madina, mkononi ana fimbo ya kuti la mtende. Akakutana na kundi la Mayahudi, nao wakamuuliza: roho ni kitu gani? Mtume (SAW) hakujibu palepale. Alinyamaza, na Ibn Masoud akafahamu kuwa wahyi unateremka. Jibu lililokuja ni lile la aya ya 85 ya Surat Bani Israil (sura ya 17), ambalo kwa muhtasari ni kuwa roho ni katika mambo ya Mola, na kwamba elimu waliyopewa wanadamu juu yake ni kidogo.

Naomba ndugu msomaji tuanzie hapo. Aliyeulizwa ni mtu aliyekuwa akijitenga siku nyingi katika pango la Hira, juu ya Jabal Nur, kabla hata hajapewa Utume. Kama kuna mwanadamu aliyekaa kimya na nafsi yake akafikiri, basi ni yeye. Na bado, alipoulizwa roho ni nini, hakusema "nimekaa Hira nikaiona". Alisubiri aambiwe. Na alichoambiwa ni kidogo.

Nayasema haya kwa sababu leo ukifungua simu utamkuta mwalimu, sauti yake tamu, nyuma yake muziki wa maji yanayotiririka, anakuahidi kuwa kwa siku ishirini na moja za kukaa kimya na kutazama pumzi utaijua roho yako ilivyo hasa. Vijana wetu wa mijini wanasikiliza. Nilikuwa mkoani Mara kwa darsa za wiki nzima, Musoma, Butiama na Bunda, na kote huko swali hili lilikuja. Halikuja kwa wazee. Lilikuja kwa vijana waliosoma, wanaoswali, na wengine ambao wameanza kuacha kuswali.

Kwanza tuwe waadilifu. Kukaa kimya si haramu. Kutuliza pumzi si haramu. Mtu ambaye kichwa kimejaa kelele za madeni, ada za shule na foleni, akakaa robo saa bila kuzungumza, hakuna sheikh mwenye elimu atakayemwambia amekufuru. Hata wale walioyaingiza mazoezi haya katika hospitali za Marekani, kama Jon Kabat-Zinn aliyeanzisha programu yake katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1979, walikuwa wakitafuta dawa ya maumivu na msongo wa mawazo. Kwa hilo hatuna ugomvi. Ugomvi unaanza pale zoezi linapogeuka kuwa itikadi, na mara nyingi linageuka taratibu, bila mtu kutangaziwa kuwa sasa ametoka katika afya na kuingia katika dini.

Somo la mwisho la walimu wengi wa aina hii ni moja: yule anayetazama mawazo yako, aliye nyuma ya mawazo yote, ndiye wewe wa kweli, naye hakuzaliwa wala hafi, na mwisho wa yote yeye ni Mungu mwenyewe. Msingi wake ni mafundisho ya Kihindu ya wale wanaosema kuwa nafsi ya ndani kabisa ya mtu na asili ya ulimwengu wote ni kitu kimoja. Sasa hebu tuwageukie wafuasi wa Budha, ambao nao wametafakari kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na zoezi la kutazama pumzi kwa kiasi kikubwa limetoka kwao. Wao wanasema hakuna kabisa nafsi ya kudumu ndani ya mtu! Ukichunguza, wanasema, utakuta hisia na mawazo yanayokuja na kupita, basi.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji aweke alama. Watu wawili wamekaa kimya, kila mmoja maisha yake yote, mmoja ametoka akisema "nafsi ni Mungu", mwingine akisema "nafsi haipo". Kwa hiyo kukaa kimya peke yake hakutoi jibu. Kila mmoja ametoka na kile alichofundishwa kabla ya kukaa, au pengine wote wameona kitu kimoja na kukitafsiri kila mtu kwa imani yake. Ama iwe hivi ama iwe vile, anayekuambia "usiamini chochote, kaa tu utaona" hasemi kweli yote.

Musoma nilifikia kwa dada yangu, mtaa wa Nyasho. Ana kijana wake ambaye ndiye aliyenifanya niandike makala hii. Kaka wa kijana huyu, naye mwana wa dada yangu, alikuwa mvuvi wa dagaa. Wanaoijua kazi hiyo wanajua kuwa inafanyika usiku wa giza, wakati mwezi haupo, kwa sababu dagaa hufuata mwanga. Zamani ulikuwa wa karabai, sasa wengi wanatumia taa za sola. Usiku mmoja upepo uligeuka na mtumbwi haukurudi. Alipatikana siku ya tatu, akazikwa.

Mdogo wake akawa halali. Hapo ndipo alipokutana na ile sauti ya kwenye simu. Ilimwambia kuwa roho zote ni moja, kwamba hakuna kifo, na akizama vya kutosha atakutana na kaka yake humo ndani. Nilipofika alikuwa na miezi minne kila alfajiri anakaa juu ya yale mawe makubwa ya pembeni mwa ziwa, macho kafumba. Swala ya Alfajiri ilikuwa inampita akiwa hapo hapo.

Tulikaa juu ya mawe hayo baada ya Alasiri. Hakuwa mkaidi. Aliniuliza swali ambalo nimewahi kuwaona watu wazima wakilikwepa:

"Mjomba, mimi nikikaa naiona hasira yangu, naiona huzuni yangu, naiona inakuja na inaondoka. Sasa kama hasira ni ya nafsi yangu, huyu anayeiona ni nani?"

Ni swali zuri, na wanachuoni wetu walilijua. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alitoa mfano wa mtu aliyeumbwa kwa ghafla akaning'inia hewani, haoni, hasikii, viungo vyake havigusani hata asijue kama ana mwili. Je, mtu huyo hatajua kuwa yupo? Ibn Sina akasema atajua. Kwa hiyo kuna kitu ndani ya mtu kinachojijua bila kupitia macho wala masikio. Sawa. Lakini angalia mfano huo unakufikisha wapi: unakuambia kuwa upo. Haukuambii umetokana na nini wala utakwenda wapi, achilia mbali kukuambia kuwa wewe ni Mungu.

Imam Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111) alikuwa mjuzi wa falsafa hizo kuliko wengi, na alikaa faragha miaka. Hata hivyo katika Ihya, kwenye kitabu cha maajabu ya moyo, alisema kuwa hakusudii kueleza dhati ya roho, kwa kuwa Mtume (SAW) hakuizungumzia na hivyo wengine hawana haki ya kuizungumzia. Akageukia sifa zake na hali zake. Hilo si jambo dogo. Mtu mwenye uwezo wa kuandika kurasa mia juu ya jambo akasimama mlangoni kwa adabu.

Nilimjibu mpwa wangu kwa Surat Al-Qiyama, sura ya 75, aya ya 14 na 15. Humo Mwenyezi Mungu anatueleza kuwa mwanadamu ni shahidi juu ya nafsi yake mwenyewe, hata akitoa nyudhuru zake. Huyo ndiye anayetazama. Qur'an haimwiti mungu, inamwita shahidi. Na shahidi, ndugu zangu, si hakimu. Anayeona hasira yake inapanda ni mja yule yule aliyekasirika, amepewa uwezo wa kujiona ili siku ya hesabu asiseme sikujua. Ndiyo maana ukikaa kimya kweli kweli, bila muziki, kitu cha kwanza unachokutana nacho si raha. Ni yule mtu uliyemdhulumu, ni ahadi uliyoivunja, na mara hiyo hiyo unaanza kusikia nyudhuru zako zikijipanga. Mshitakiwa na shahidi wamo ndani ya ngozi moja.

Na juu yao yupo anayewatazama wote wawili. Neno lenyewe muraqaba, ambalo masufi wanalitumia kwa tafakuri, lina uhusiano na jina la Allah (SW) Ar-Raqib, Mwenye kuchunga. Maana yake si kujitazama tu bali kujua kuwa unatazamwa. Katika hadithi ya Jibril, Mtume (SAW) aliieleza ihsani kuwa ni kumuabudu Allah kama vile unamuona, na ikiwa humuoni basi Yeye anakuona. Sauti ya kwenye simu imelichukua zoezi ikamwacha Mtazamaji.

Kijana alinyamaza kidogo kisha akasema, "Kwa hiyo miezi minne nimeona nusu?" Nikamwambia hapana, umeona kweli, ila umeambiwa jina lisilo lake.

Zipo hali tatu za nafsi ambazo kila aliyesoma madrasa amezisikia: inayoamrisha maovu (sura ya 12 aya ya 53), inayojilaumu (sura ya 75 aya ya 2) na iliyotulia (sura ya 89 aya ya 27). Wengi tunazifundisha kama ngazi, kwamba ukitoka hii umeingia ile na hurudi. Mimi naona tafakuri inaonyesha kuwa mtu mmoja anaweza kupita zote katika siku moja, Alfajiri akiwa ametulia, saa nne sokoni akiamrishwa na tamaa, Isha akijilaumu. Asiyekaa kimya hajui aliko.

Ghazali ana mfano wa moyo kama birika lililochimbwa ardhini. Maji yanaweza kuletwa na mito kutoka juu, nayo ndiyo milango mitano ya hisia. Au unaweza kuiziba mito hiyo, ukachimba tope chini ya birika mpaka maji safi yakabubujika kutoka chini. Watu wa Musoma mfano huu hawahitaji kuelezwa. Mto Mara unaingia ziwani baada ya kupita chini ya daraja la Kirumi, na unaleta chochote ulichokutana nacho njiani. Machi 2022 maji pale Kirumi yalibadilika rangi na samaki wakafa; kamati ya serikali ikataja kinyesi na mkojo wa mifugo, na watu wakabishana sana. Sasa ikiwa mto tunaouona kwa macho tunabishana umebeba nini, itakuwaje mito mitano inayomwagika moyoni usiku na mchana, na sasa simu imeongeza mto wa sita?

Nitoe angalizo moja hapa, kwa kuwa nalisikia mno mimbarini. Ile kauli kwamba anayeijua nafsi yake amemjua Mola wake, Imam Nawawi amesema haikuthibiti kuwa ni ya Mtume (SAW). Wengine wameihusisha na Yahya bin Muadh ar-Razi. Vivyo hivyo ile ya kutafakari saa moja kuwa bora kuliko ibada ya miaka sitini, wataalamu wa hadithi hawaikubali kuwa ya Mtume. Maana zake zinaweza kuwa nzuri, lakini tusimzulie Mtume kwa sababu ya uzuri. Tunazo aya. Sura ya tatu, aya ya 190 na 191, inawasifu wanaomkumbuka Allah wakisimama, wakikaa na wakilala ubavu, na wanaofikiri juu ya kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Bibi Aisha (RA) ameeleza usiku zilipoteremka aya hizo jinsi Mtume alivyolia katika swala mpaka Bilal akaja kuadhini Alfajiri. Kulia huko ndiko kutafakari kwetu.

Tulikwenda Butiama siku iliyofuata, mpwa wangu akiendesha. Pale Mwitongo amezikwa Mwalimu Nyerere, Oktoba 1999. Juu ya Mwalimu na Waislamu yameandikwa mengi, na leo siyo mada yetu. Nilichotaka kijana akione ni kingine. Jirani na hapo kuna msitu wa Muhunda, ambao Wazanaki kwa mila yao wanauheshimu kuwa ni makao ya roho ya kuwalinda. Na jina lenyewe Kambarage ambalo Mwalimu alipewa utotoni ni la roho ya mvua, kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha. Wazee hawa hawakuwa wapumbavu. Walijua, kabla ya yeyote kuwaletea kitabu, kuwa mtu si nyama tu. Walipokosa ni anuani: roho wakaiweka msituni. Walimu wa kwenye simu nao wameiweka kifuani na kuiita mungu.

Mtume (SAW) aliwakataza Maswahaba kuzuru makaburi kisha akawaruhusu, kwa kuwa yanakumbusha akhera. Tulisimama tukatazama watu wakija na kuondoka. Kijana akauliza lile ambalo nilijua linakuja: kaka yangu yuko wapi?

Yuko barzakh, kama ilivyo katika sura ya 23, aya ya 100, nyuma ya kizuizi mpaka siku ya kufufuliwa. Hazunguki ziwani, hayumo msituni, na hayumo ndani yako. Nilimkumbusha pia aya ya 42 ya Surat Zumar, kwamba Allah huzichukua nafsi wakati wa kufa, na zile zisizokufa huzichukua katika usingizi. Huizuia ile aliyoihukumia mauti, na hii nyingine huirudisha mpaka muda wake. Basi kila usiku tunanyang'anywa kitu ambacho mchana tunakiita "mimi", na asubuhi tunarudishiwa bila kuulizwa. Hiyo peke yake inatosha kumfanya mtu asijiite mwenye roho, sembuse kujiita Mola wa roho. Kijana alilia pale. Nilimwacha alie. Kwa miezi minne aliambiwa hakuna kifo, na mtu aliyeambiwa hakuna kifo hapati hata nafasi ya kumlilia ndugu yake.

Wapo watakaosema kuwa tafakuri na zikri za namna hii ni mambo ya matariqa tu, na matariqa ni bidaa. Mjadala huo ni mrefu na sitaumaliza katika safu hii. Ila historia yetu wenyewe ina la kusema. Sheikh Ramiya wa Bagamoyo alitolewa Manyema, mashariki ya Kongo, akafikishwa pwani akiwa mtumwa. Akasoma, na mpaka anafariki mwaka 1931 alikuwa kiongozi mkubwa wa Qadiriyya katika nchi hii, waungwana wakikaa miguuni pake. Mtu ambaye mwili wake uliwahi kuwa mali ya mtu alifahamu vizuri ni kipi katika mwanadamu hakiuzwi. Na katika njia hizo mwanafunzi hakuachwa peke yake na kichwa chake: alikuwa na sheikh, na wirdi wenye kipimo. Kijana na simu chumbani hana yeyote wa kumwambia "hapo umepotea". Na niseme wazi, anayeanza kusikia sauti au kukosa usingizi wiki nzima baada ya mazoezi haya, apelekwe hospitali. Dua ifuatane na daktari.

Darsa la mwisho lilikuwa Bunda, na hadhira yangu ilikuwa ya wafanyabiashara: wa nguo, wa samaki wanaotoka upande wa Kisorya, wa vipuri. Kwao nilichagua Ghazali tena, kwa sababu ameiweka tafakuri kama biashara. Anasema akili ni mwenye mali, nafsi ni mshirika aliyekabidhiwa mtaji, na mtaji ni pumzi zako. Asubuhi mnawekeana masharti, hiyo ni musharata. Mchana unamchunga, maana mshirika asiyechungwa huiba, hiyo ni muraqaba. Usiku mnakaa na daftari, na hiyo ndiyo muhasaba. Baada ya hapo yapo ya kuiadhibu nafsi, kuikaza na kuilaumu, lakini niliwaambia wasiharakie huko. Wengi wetu hata daftari hatujafungua. Umar (RA) aliwausia watu wazihesabu nafsi zao kabla ya kuhesabiwa.

Mzee mmoja mwenye duka akasema, "Ustadhi, mimi nikifunga duka nahesabu mpaka shilingi mia. Hiyo nyingine nahesabuje?" Nikamwambia baada ya Isha kaa dakika kumi, simu iwe mbali, ukumbuke maneno uliyoyasema tangu asubuhi kwa mpangilio, kwa wateja, kwa mkeo, kwa kijana wako wa dukani. Usijitetee. Kila unapojikuta unasema "lakini yeye ndiye aliyeanza", hapo weka alama, kwa kuwa hapo ndipo palipo na kitu. Akacheka, akasema dakika kumi hazitatosha.

Mwishoni nikasoma juu ya maiti aliyeletwa mbele ya Mtume (SAW) ili aswaliwe, ikasemwa kuwa ana deni la dinari tatu na hakuacha kitu. Mtume akawaambia mswalieni mwenzenu, mpaka Abu Qatada aliposimama kulibeba deni lile, ndipo akamswalia. Na imepokewa kwa Tirmidhi kuwa nafsi ya muumini imefungika na deni lake mpaka lilipwe.

Mpwa wangu alikuwa amekaa nyuma, karibu na mlango. Tulipotoka hakuniuliza tena kuhusu anayetazama ni nani. Alisema kaka yake alichukua nyavu na taa mbili kwa mkopo pale Mwigobero, na mwenye duka kwa haya ya msiba hajawahi kulitaja. Hajui ni kiasi gani. Tukakubaliana kuwa tukirudi Musoma tutakwenda kwanza kwa huyo mwenye nyavu, kabla ya kufika nyumbani, tumwombe afungue daftari.